Kanda Nyekundu za Mama Konsolata

Mliponiaga pale ofisini kwa soda, keki na hotuba tatu zilizokuwa ndefu kuliko utumishi wangu wote, mmoja wenu aliniuliza: "Mzee, kazi hii ya mbwa ina nini cha kujifunza? Si unamshika, unamchoma, unamwachia?" Sikumjibu kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki. Sasa keki imekwisha, nami nina muda mwingi kuliko mwenye shamba aliyeibiwa jembe. Nitamjibu kwa maandishi.

Vyeo sitavigusa. Vilikuwa vichache na vilikuja vimechelewa, kama mvua ya mwaka mbaya. Mshahara nao tuuache upumzike, umeteseka vya kutosha. Nitawaambia habari za mbwa, na zaidi habari za wenye mbwa, ambao ndio wagumu kuchanja. Nimechanja mbwa wengi kuliko nywele za kichwa changu, na hapo sijatia chumvi hata punje, maana kichwa changu mnakijua.

Miaka mingi nilikuwa mtu wa josho. Niliwaogesha ng'ombe wa Kitahana mpaka nikawa nanukia dawa hata siku ya harusi yangu. Kidato cha nne nilikipata ukubwani, kwa masomo ya jioni, nikifundishwa hisabati na mwalimu ambaye nilikula pilau ya ubatizo wake. Cheti hicho ndicho kilichonitoa kwenye ng'ombe kikanitia kwenye mbwa. Watu huniuliza kama nilipanda au nilishuka. Mimi husema tu kwamba ng'ombe hang'ati.

Nilianza na mbwa mwaka 2012, Kibondo, chini ya Mzee Ruhoro. Mtu mfupi, mkimya, mwenye koti la mvua alilolivaa hata kiangazi. Siku ya kwanza nilidhani atanipa sindano. Akanipa kamba.

"Sindano inashikwa na kila mtu," akasema. "Mbwa anashikwa na anayemjua."

Mbwa wangu wa kwanza alikuwa na ukubwa wa ndama, na meno ambayo nahisi aliazima kwa mnyama mwingine. Nilimwendea wima, nikimtazama usoni kama afande. Dakika iliyofuata nilikuwa juu ya mparachichi, na hadi leo hakuna shahidi anayeweza kueleza nilipandaje. Mzee Ruhoro akachuchumaa kando ya yule mbwa, akampa ubavu, akaanza kumsimulia kwa Kiha habari za maharage yake yaliyoliwa na wadudu. Mbwa akamsogelea, akalala.

"Shuka," akaniambia. "Usimtazame machoni, hujaja kumposa."

Kwa huyo mzee nilijifunza mambo ambayo sikuyakuta darasani. Kwamba chanjo iliyopata joto haina kazi, kwa hiyo kasha la baridi libebwe kama mtoto mchanga, na barafu ikaguliwe kila baada ya nyumba tatu. Kwamba mbwa ashikwe na mwenyewe, wewe shika sindano. Kwamba mtu aking'atwa, kabla ya maswali, kabla ya kulia, kabla ya kutafuta wa kumlaumu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima. Kwa hili la sabuni alikuwa mkali kama padri kwa walevi. Nilimwona akimwosha mguu mtendaji wa kijiji barabarani, suruali imepandishwa hadi gotini, na mtendaji analalamika kwamba watu wanaona.

Mwaka uliofuata nikahamishiwa Kasulu, nikapewa eneo la nyumba za watumishi ambalo kila mtu analiita Kota. Kota ni nchi ndogo. Pale palikuwa na walimu wa Tanga, wauguzi wa Bukoba, mafundi wa barabara wa Mbeya, na pembezoni mwake familia za wenyeji na za watu waliotoka Burundi zamani wakawa raia wenzetu, wanalima, wanauza, wanashona. Asubuhi ukungu unashuka mpaka hujui unayemsalimia ni jirani au nguzo ya umeme. Na kila nyumba ina mnyama, na kila mnyama anaishi nyumba ya jirani.

Mwenyekiti wa Kota alikuwa Bwana Anyosisye, fundi wa barabara, mtu aliyependa sheria kama wengine wanavyopenda ndizi. Aliitisha mkutano tuandike sheria ndogo za wafugaji wa mbwa na paka. Nilialikwa kama mtaalamu, nikakalishwa kiti cha mbele, nikajiona waziri.

Mkutano ulichukua saa nne, na katika kumbukumbu yangu ni siku mbili. Mbwa wafungwe mchana: wakakubali. Wachanjwe kila mwaka: wakakubali. Mwenye mbwa azoe kinyesi cha mbwa wake njiani: hapo mzee mmoja akainuka akasema tangu Kasulu iumbwe hajaona mtu mzima akimfuata mbwa na koleo, na kama ndiyo maendeleo, yeye ataendelea taratibu. Paka hawakuwamo kwenye ajenda, mpaka Fausta, muuguzi tuliyemwita Sista, alipotaja migebuka wake wawili, samaki wa ziwani, waliotoweka juu ya kichanja.

"Simtaji mtu," akasema huku akimtazama Mwalimu Zaina.

Mwalimu Zaina alikuwa wa Tanga, mwenye paka wawili na mwavuli mweusi asioachana nao. Mbwa, yeye hakuwapenda na hakuficha. "Paka wangu wamelelewa, Sista," akajibu. "Wakitaka samaki wanaomba."

"Basi waliniomba nikiwa nimelala."

Ikaandikwa kwamba mwenye paka atawajibika kwa samaki. Kisha Mwenyekiti akasoma kifungu alichokitunga mwenyewe, akakisoma amesimama: mbwa aliyechanjwa atavaa ukanda mwekundu, na mbwa asiye na ukanda mwekundu ataonekana hana mwenyewe, naye atauawa. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu zaidi, maana kanda zilikuwa wazo langu. Vijana, kifungu kikikufurahisha mno, kisome tena ukiwa na njaa.

Kanda za dukani hazikupatikana. Nikachukua robota la kitambaa chekundu lililotoka Manyovu, nikalipeleka kwa Mama Konsolata, fundi cherehani, mmoja wa wale waliotoka Burundi, aliyekuwa na kibanda mwisho wa Kota. Alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinishonea kanda mia moja kwa mshono wa mara mbili ambao hata chui asingeukata. Nikachukua kanda zangu, nikachanja, nikavalisha. Kota nzima ikawa inametameta shingoni. Nilimtumia salamu Mzee Ruhoro kwamba Kasulu kichaa cha mbwa kimefungasha mizigo.

Sasa tufike 2014, siku ya Jumamosi, mchana.

Palikuwa na mbwa mmoja wa kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala kama limechoka kusikia habari za Kota. Kila nyumba ilidhani ni wa nyumba ya pili. Mwalimu Zaina alikuwa anatoka bombani na ndoo ya maji kichwani, na yule mbwa akamng'ata shavu la mguu. Nilikuwa jirani tu, nikakimbia. Jeraha halikuwa kubwa, ila damu ilitoka. Nikamkalisha kwenye ngazi, nikamimina maji ya ile ndoo yake mwenyewe.

"Sabuni gani hiyo?" akauliza.

"Ya kufulia, Mwalimu. Yoyote inafaa."

"Mpaka lini?"

"Robo saa."

"Robo saa! Unaniosha jeraha au unanifulia kanzu?"

"Vyote, Mwalimu."

"Nguo niachie mimi, nina utaratibu wangu. Wewe osha mguu." Kisha akauliza kwa sauti nyingine kabisa: "Bwana Mifugo, huyu mbwa kachanjwa? Niende hospitali?"

Nikageuka nikamtazama mbwa. Alikuwa amekaa mbali, na shingoni ukanda mwekundu.

"Ana ukanda," nikasema. "Nilimchanja mwenyewe. Pumzika, Mwalimu."

Naomba msome polepole hapa. Yule mbwa sikumkumbuka. Niliukumbuka ukanda. Na hata kama ningemkumbuka, mtu aliyeng'atwa hapimwi na bwana mifugo ngazini, anapelekwa hospitali. Hilo nalijua tangu Kibondo. Lakini mtaalamu aliyekalishwa kiti cha mbele ana uzito wake mdomoni, nami siku hiyo niliutumia wote.

Jumapili, baada ya ibada, nikafungua rejista nimtafute mbwa wa kahawia mwenye sikio lililolala. Sikumwona. Nikajiambia mwandiko wangu ni mbaya. Jumatatu asubuhi nikapita kwa Mama Konsolata anitilie kiraka suruali, na nyuma ya cherehani yake nikaona kamba imetundikwa kanda nyekundu, zimepangwa kama pilipili zinazokaushwa.

"Mama Konsolata, hizi ni nini?"

"Yoo, Bwana Mifugo! Kanda. Si kazi uliyonipa mwenyewe?"

"Nilikupa kazi ya kanda mia, nikazichukua mia."

"Ego, ndiyo, zako ulichukua. Kitambaa kikabaki. Na mabaki ya kitambaa ni ya fundi, wewe mtu mzima unajua."

Ninajua. Ndiyo desturi ya cherehani zote nilizowahi kuzisikia zikilia: unachokileta ni chako, kinachobaki mezani ni cha fundi. Hutoka vitambaa vya watoto, mifuko, foronya. Mimi niliacha mezani karibu nusu robota na sikugeuka nyuma.

"Na umezivalisha mbwa gani?"

"Wale wasio na mtu." Alikuwa ameacha kushona. "Mlisema asiye na ukanda ataonekana hana mwenyewe, anauawa. Nikasema, kiumbe afe kwa kukosa kipande cha kitambaa, na mimi kitambaa ninacho? Mimi najua kuonekana huna mwenyewe kulivyo, mwana wanje, mwanangu. Nikawavalisha."

"Wangapi?"

"Sikuhesabu." Akafikiri. "Kumi na tisa."

"Yule wa kahawia, sikio limelala?"

"Mugenzi? Huyo ndiye wa kwanza kabisa!" Akatabasamu. Mugenzi kwa lugha yake ni rafiki. Kisha akaniona uso, na tabasamu likaondoka. "Bwana Mifugo, nimefanya nini?"

Aliyefanya ni mimi. Sheria yetu ilitaja ukanda na adhabu. Mahali popote haikueleza kwamba kinachookoa ni sindano, na kwamba ukanda ni alama tu ya sindano. Mwenye huruma akasoma kilichoandikwa, akaokoa kwa kadiri ya alichosoma.

Nikapanda pikipiki hadi shuleni. Mwalimu Zaina alikuwa darasa la tatu, watoto wanaimba jedwali la saba. Akatoka nje na chaki mkononi. Nimewahi kupigwa teke na fahali, nimewahi kuanguka kwenye josho nikanywa maji yake, lakini njia ya kutoka kwenye ile pikipiki hadi mlango wa lile darasa ndiyo ndefu kuliko zote nilizotembea.

"Mwalimu, Jumamosi nilikwambia kitu nisichokijua," nikasema. "Mbwa yule sikumchanja. Ukanda ulishonwa tu. Twende hospitali sasa hivi."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alitazama chaki yake.

"Nina mtoto wa miaka miwili nyumbani, Bwana Mifugo," akasema. "Baba yake yuko Tanga. Siku mbili zote nimelala usingizi mzuri, kwa sababu wewe ulisema."

"Najua, Mwalimu."

"Hujui. Ngoja niwape kazi watoto."

Tukakuta Sista Fausta yuko zamu. Mwalimu akachomwa sindano ya kwanza siku hiyo hiyo, akaandikiwa tarehe za nyingine. Sista alipomaliza, akanivuta kando.

"Jumamosi ulikuwa na mdomo, miguu hukuwa nayo?"

Nikakubali. Kisha akanieleza kile ambacho na mimi nilikijua, ila siku ile nilihitaji kukisikia kwa mtu mwingine. Sindano ziendelee kwa tarehe zake. Na mbwa awekwe hai, atazamwe siku kumi tangu alipong'ata. Akizimaliza mzima, anakula, anakunywa, hajabadilika, basi siku ile hakuwa na ugonjwa wa kuambukiza, na Mwalimu amepona hofu. Akiugua au akifa humo katikati, tujue tuna vita.

"Kwa hiyo mbwa asiguswe," akasema Sista.

Nikarudi Kota kama niliyerushwa kwa manati. Habari ilikuwa imefika kabla yangu. Nje ya kibanda cha Mama Konsolata palikuwa na watu na marungu, Mwenyekiti mbele. Ndani, mbwa alikuwa chini ya meza ya cherehani, na Mama Konsolata amekaa kitini pake, mkasi mkubwa wa kukatia mapajani.

"Anayemtaka apite," alikuwa anasema, "lakini achukue na mguu wangu mmoja, kusudi asirudi mikono mitupu."

"Mama, sheria ni sheria," akasema Mwenyekiti. "Mbwa huyu auawe."

Nikajipenyeza. "Akiuawa leo tunazika na jibu," nikasema. "Mwalimu Zaina anahitaji mbwa huyu aishi mpaka Jumanne ya wiki ijayo kuliko ninyi nyote mnavyomhitaji afe."

"Sheria inasema..."

"Sheria inasema asiye na ukanda, Mwenyekiti. Huyu anao."

Bwana Anyosisye akainama, akachungulia chini ya meza. Alikuwa mtu wa haki. Kifungu alikitunga yeye, na ukanda ulikuwa pale, mshono wa mara mbili. Rungu likashuka.

"Basi mwenye mbwa ajitokeze amfunge kwake," akasema. "Nani mwenye mbwa?"

Hapo sasa mngewaona wakirudi nyuma. Mmoja akasema amemwona tu akipita. Mwingine akasema hata kupita hajamwona. Mwenyekiti mwenyewe akasema kwake mbwa huyo hufika mara chache, kwa bahati mbaya. Mama Konsolata akasema angemchukua, ila kibanda chake hakina uzio. Mwishowe tukamweka kwenye banda la mbuzi lililokuwa tupu nyuma ya nyumba ya Mwenyekiti, mbao imara, mlango wa kufuli. Ufunguo nikaufunga shingoni mwangu kwa uzi. Nikatangaza: kumlisha ni mimi peke yangu, asubuhi na jioni, kwa kata yenye mpini mrefu, kwa sababu hamu ya kula ndiyo ushahidi wetu. Mwingine yeyote akimpa kitu atanivurugia kazi. Wote wakaitikia kwa kichwa. Sijawahi kuona umoja kama ule.

Siku zile zilikuwa na saa arobaini kila moja. Asubuhi, kabla ya kwenda shule, Mwalimu Zaina alifika hatua kumi kutoka bandani, mwavuli mkononi, hasogei zaidi.

"Kala?"

"Kala, Mwalimu."

"Kanywa?"

"Kanywa."

Basi anageuka anaondoka. Hakuna salamu, hakuna neno lingine. Mke wangu aliniambia: "Yule mbwa anakula kuliko wewe." Kweli, sahani yangu ilikuwa inarudi jikoni kama ilivyokuja.

Mchana nilizunguka na Mama Konsolata kuwatafuta wale kumi na nane waliobaki. Alifunga kibanda chake, akabeba kikapu cha mifupa, akanionyesha mmoja mmoja, kila mmoja na jina lake na habari zake. Nilichanja, yeye akashika. Mzee Ruhoro angempenda. Kila nilipomaliza, aliukata ule ukanda wa zamani, akatoa mwingine, kisha akaniuliza: "Sasa nimvalishe?" Namwambia sasa mvalishe. Mara ya kumi hivi akauliza, "Bwana Mifugo, Mwalimu akifa, ni mimi nimemuua?" Nikamwambia hapana, mama, kwenye foleni hiyo mimi niko mbele yako. Hakuridhika, lakini alishika mbwa aliyefuata.

Alhamisi nikampeleka Mwalimu kuchomwa sindano ya pili. Tukirudi, nyuma yangu kwenye pikipiki, akasema ghafla: "Nilimkanyaga mkia."

"Nani?"

"Mimi. Na ndoo kichwani, sikumwona. Alilia kwanza, ndipo akaning'ata. Sikusema, mngecheka."

Hilo lilinipunguzia kilo moja kifuani, maana mbwa anayeng'ata bila sababu ndiye wa kuogopwa zaidi. Lakini si ushahidi. Nikamwambia hivyo hivyo: si ushahidi, Mwalimu, ila ni habari njema. Nilikuwa nimeacha kusema nisichokijua.

Jumanne, siku ya kumi, Kota haikwenda kazini. Sista Fausta alitoka zamu ya usiku akaja na sare yake. Mwenyekiti alivaa tai. Mwalimu Zaina alisimama pale pale pake, hatua kumi, na safari hii alikuwa amembeba mtoto mgongoni. Nikasonga ugali kwa mikono yangu, nikaumwagia mchuzi wa dagaa, nikausogeza kwa kata.

Mbwa akanusa. Akageuza uso. Akalala.

Nikasogeza maji. Akayatazama, akafumba macho.

Wenzangu, ninyi mnajua maana yake. Mbwa aliyekula vizuri siku zote hizo, siku ya kumi anakataa chakula, anakataa maji. Mwavuli wa Mwalimu ulianguka. Hakuuokota. Sista alinishika mkono, na kucha zake nilizibeba wiki nzima.

Mama Konsolata akakohoa.

"Bwana Mifugo," akasema, "usinikasirikie. Alfajiri nilimpitishia utumbo kidogo, kwenye uwazi wa mbao."

"Kidogo kiasi gani?"

"Sufuria."

Mwenyekiti akalegeza tai. "Kwa kuwa tumeanza kusema ukweli," akasema, "na mimi supu ya kwato. Jana na leo. Niliogopa akikosa nguvu ataonekana mgonjwa, Mwalimu ataumia bure."

"Mimi maziwa," akasema Sista, kucha bado mkononi mwangu. "Kila siku nikitoka zamu. Nusu lita."

"Sista! Wewe ndiye uliyeniambia asiguswe!"

"Sikumgusa. Nilimmiminia."

Wakaendelea. Mmoja mihogo, mwingine maharage na mafuta ya mawese, mwingine mkia wa mgebuka, na yule mzee wa koleo vipande viwili vya mkate, kila asubuhi, vimechovywa chai. Saba kwa jumla, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Kumbe siku zote zile yule mbwa alikuwa anakula vyao na ugali wangu juu yake, na siku ya kumi, walipozidisha kwa hofu, tumbo limefika mwisho. Nikachungulia. Lilikuwa mviringo kama ngoma. Akacheua.

Mwalimu Zaina alikaa chini, kwenye vumbi, na gauni lake safi. Akacheka huku analia, sikuweza kujua kipi kilitangulia.

Hatukuachia hapo. Kucheua nako si ushahidi. Mama Konsolata akaleta kigoda, Mwalimu akakaa, na wote tukangoja bila mtu kutia mkono bandani. Saa nane mchana mbwa akasimama, akajinyoosha, akanywa maji mpaka mwisho, kisha akala ule ugali uliokwisha kukauka, akalamba na kata. Sista akamtazama macho, mate, mwendo. Akanitazama mimi. Akamtazama Mwalimu, akatikisa kichwa kukubali.

Nikafungua kufuli. Mama Konsolata akamshika, nikamchoma chanjo yake ya kwanza maishani, ndipo nikamfunga ukanda kwa mkono wangu. Kifungu cha Mwenyekiti tulikiandika upya palepale, Mwalimu akisahihisha: ukanda hufungwa na mchanjaji baada ya sindano, mwenye mbwa akiwapo, na mtu aking'atwa, ukanda usiulizwe chochote, aoshwe na apelekwe hospitali. Kuua tukakufuta.

Nikafungua rejista, nikauliza swali ambalo siku nane kabla lilikuwa limewarudisha nyuma: nani mwenye mbwa?

Wakasema wote kwa pamoja. Mwenyekiti alisema kwa sauti kubwa zaidi. Nafasi ya jina la mwenyewe kwenye rejista yetu, mnaijua, ni mstari mmoja. Nikaanza kuandika kwa herufi ndogo. Nilipofika jina la saba mstari ulikuwa umejaa.

"Mimi simtaki," akasema Mwalimu Zaina kutoka kwenye kigoda chake.

"Najua, Mwalimu."

"Kwangu haingii. Na asinisogelee nikiwa na udhu."

"Najua."

Akaokota mwavuli wake, akaufuta vumbi, akanitazama mpaka nikainua kalamu tena.

"Andika na jina la baba yangu, wasije wakanichanganya na Zaina wa stoo."

Mstarini hapakuwa na nafasi. Nikaligeuza daftari, nikaliandika jina lake pembeni, wima, kama mtu aliyesimama mlangoni na hataki kukaribia.